Dakika Tatu za Upande wa Pili

Februari 11, 1996

Kwa Bwana Sauti, kwa anwani ya redio. Atakayeipokea tafadhali amfikishie.

Mzee wangu, shikamoo.

Hunijui kwa uso. Miaka ishirini na miwili iliyopita nilikuandikia barua nne kwa jina la Mfumaji wa Zamu ya Pili. Moja uliisoma hewani, ukasema mwandiko wangu unafanana na uzi uliotafunwa na panya. Kiwandani waliniita Panya mwaka mzima. Sikukasirika.

Nakuandikia juu ya sahani moja ya santuri. Mwaka 1974 ulikuwa na kipindi cha Jumapili, saa nane hadi saa tisa mchana, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi uliweka upande wa pili mzima wa sahani ile ya roki: vijana wa ng'ambo, kinanda, filimbi, gitaa, wimbo mmoja usiokatika. Ulisema una dakika ishirini na mbili. Jina la kundi hukulitaja, la sahani hukulitaja. Ulisema jina ni siri yako na ukuta wa studio. Na kila ilipofika dakika ya kumi na tisa, gitaa linapanda ngazi, unaingia wewe: "Saa imetubana, wapenzi wasikilizaji, habari za saa tisa zinabisha hodi." Nilihesabu mara kumi na moja. Kisha kipindi kikafutwa.

Mwisho wake sijausikia mpaka leo. Ningeendelea kuvumilia, lakini wiki iliyopita daktari amenipima masikio. La kulia limekwisha kazi. La kushoto amelipa mwaka mmoja, pengine pungufu. Mitambo mia mbili na arobaini ya kufuma katika ukumbi mmoja haina huruma, na pamba tunazozibia masikio ni za kujifariji tu.

Naomba jina la sahani ile, niitafute wakati bado ninasikia. Sina haja nyingine.

Wako,
Mfumaji wa Zamu ya Pili
(siku hizi niko zamu ya kwanza, umri umenipandisha cheo)


Februari 27, 1996

Mfumaji, marahaba.

Barua yako imekaa redioni siku tisa kwenye meza ya mlinzi. Imenifikia ikiwa na alama ya kikombe cha chai katikati ya neno "huruma". Mwandiko haujapona.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nimestaafu miaka minane sasa, na watu wanaonisimamisha barabarani huniuliza kama nina undugu na yule mtangazaji wa zamani. Nawaambia ni binamu yangu, alishafariki.

Jina nitakutafutia. Liko kwenye daftari zangu, na daftari ziko stoo, na stoo ina mambo yake. Kuhusu kukatiza, ndugu yangu, redio ni saa. Habari zikifika, hata mfalme ananyamaza. Si mimi, ni habari.

Ila nieleze kwanza unachokumbuka. Wengi huniandikia wakitafuta wimbo, kumbe ni wimbo wa kipindi cha jirani.

Pole kwa sikio. Tumia hilo moja kwa uangalifu.

Bwana Sauti


Machi 12, 1996

Mzee wangu, shikamoo.

Umeniomba ninachokumbuka. Ninacho chote.

Unaanza kwa kengele ndogo, tatu, halafu kimya cha kuvuta pumzi moja. Kinanda kinaingia chini sana, kama mtu anayesukuma kabati chumba cha pili. Dakika ya nne ngoma zinaanza, nazo haziendi kwa nne kama nyimbo za watu. Zinakwenda kwa saba. Kazini nilizoea mtambo unaopiga nne, nne, nne, saa nane kwa siku. Kuisikia saba ilikuwa kama kugundua kwamba nyumba yetu ina chumba ambacho hatujawahi kukifungua. Dakika ya kumi na moja kila kitu kinakufa, inabaki filimbi peke yake. Ya kumi na nne sauti za watu zinaingia bila maneno. Ya kumi na saba gitaa linaanza kupanda, na ya kumi na tisa unakuja wewe.

Mke wangu nilimchumbia mwaka ule. Mara ya kwanza kumshika mkono nilikuwa nikimgongea saba kwenye kifundo bila kujijua. Akamwambia dada yake, "Kaka wa watu mzuri, lakini nadhani ana homa." Mpaka leo tukiwa kwenye kelele, au tukiwa tumenuniana, mmoja humgongea mwenzake saba. Mazungumzo yanaanzia hapo.

Maduka ya santuri nimezunguka matatu, nikiwaimbia wauzaji. Nimerudi na sahani tatu, zote siyo. Moja ni mafunzo ya lugha ya kigeni.

Neno moja, nisamehe. Wakati ule nilikuwa na saa ya mkono. Mara tatu katika zile kumi na moja, ulipomaliza kusema habari zinabisha hodi, habari zilichelewa dakika nne, nawe ukazijaza kwa salamu na hali ya hewa. Dakika nne zingetosha tatu zilizobaki. Silaumu. Nauliza tu, maana kazi yangu ni kukagua kitambaa, na jicho limezoea kutafuta uzi uliokatika.

Mfumaji


Machi 30, 1996

Kwa shemeji Mfumaji,

Mimi ni mke wa Bwana Sauti. Nakuita shemeji kwa sababu mume wangu siku hizi anasema "ndugu yangu Mfumaji" kuanzia asubuhi, na mimi ndugu zake wote nawajua, hivyo umeongezeka.

Tangu barua yako ya saa ya mkono ifike, hali chakula vizuri. Ameitoa stoo yote nje, ameirudisha, ameitoa tena. Nikimuuliza anasema anatafuta daftari. Hakuna daftari. Mficha uchi hazai, na huyu ameficha wa kwake miaka ishirini na miwili, kwa hiyo naufunua mimi.

Sahani anayo. Iko chini ya kitanda chetu, kwenye jalada la nyimbo za kwaya. Lakini jina lake hajui. Enzi zao watangazaji walikuwa wakibandua lebo za sahani nzuri ili mwenzao asione jina akaagiza ya kwake. Mtangazaji wa Jumamosi alikuwa na macho marefu. Basi wangu aliiloweka ile lebo akaitoa, jalada akalichoma, akawa na siri yake. Siri ikakaa vizuri sana, mpaka naye mwenyewe ikamtoka. Anakumbuka herufi ya kwanza, na hata hiyo kila siku inabadilika.

Ana aibu. Mtu aliyeishi kwa kutaja majina ya nyimbo za watu, na moja lililoulizwa kwa haki halimo kinywani. Mwandikie jambo la upole. Usimwambie nimekuandikia, ingawa atajua, maana stempu nimechukua kwake.

Mke wa Bwana Sauti


Aprili 9, 1996

Mzee wangu, shikamoo. Na shemeji, heshima zangu.

Nasikia kuna sahani chini ya kitanda. Sitasema nimesikia wapi.

Mzee, jina nililitaka kwa ajili ya kuipata sahani. Kama sahani unayo, jina halina kazi. Niazime wiki mbili. Fundi redio wa mtaani kwetu ana gramafoni, ameniahidi. Nitaweka upande wa pili, nitasikia zile dakika tatu, nitakurudishia ikiwa safi kuliko ilivyokuja.

Nakuomba isichelewe. Jumatatu birika lilichemka likapiga mluzi mpaka mke wangu akaja mbio kutoka uani. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka jikoni, nasoma gazeti.

Mfumaji


Aprili 28, 1996

Ndugu yangu Mfumaji,

Sahani hii hapa, kwenye kifurushi hikihiki. Isome barua kwanza.

Mke wangu amekueleza nusu, kwa sababu nusu ndiyo anayoijua. Nyingine nimemwambia jana. Amenitazama, akaenda kuanika nguo.

Sahani ilifika redioni siku ya Ijumaa. Niliweka sindano mwanzo wa upande wa pili nikasikiliza dakika kama sita, nikajua nimeshika dhahabu. Mtangazaji wa Jumamosi alikuwa anapita kwenye ukumbi, nikamsikia anacheka. Nikaitoa haraka. Upande wa kwanza nilitumia maji ya vuguvugu na subira, lebo ikatoka vizuri kama ganda la yai. Upande wa pili sikuwa na subira. Nilichukua wembe. Unajua mwisho wa wimbo uko wapi kwenye sahani: kule ndani, unapakana na lebo. Wembe uliteleza. Ulikwangua lebo, ukakwangua na dakika tatu.

Jumapili niliiweka hewani nikiwa na tumaini. Ilipofika kumi na tisa nikasikia mkwaruzo unakuja kama mvua kwenye bati, nikawahi kipaza sauti. Nikasema habari. Tangu siku hiyo nikawa nasema habari. Kuagiza nyingine ningelazimika kumweleza mtunza maktaba ya sahani kwa nini, na yeye angeniondolea ufunguo.

Kwa hiyo saa yako ya mkono ilikuwa sahihi. Na jambo lililo baya zaidi ni hili: mwisho ule hata mimi sijawahi kuusikia. Nilikuwa na nafasi moja, Ijumaa ile, nikaitumia kwa wivu.

Ulinisikiliza mara kumi na moja ukingoja nimalize. Nisamehe.

Bwana Sauti


Mei 14, 1996

Mzee wangu,

Nilikaa na barua yako siku nne kabla ya kujibu, na sitakudanganya kwamba zote zilikuwa siku nzuri. Siku ya kwanza nilikuita majina. Mke wangu aliyasikia yote, mimi mwenyewe nusu tu.

Siku ya pili niliiweka sahani. Kengele tatu zikalia, na mimi nikawa na miaka ishirini na moja. Kumi na tisa ilipofika ukaja ule mkwaruzo, wewe hupo. Nikuambie ukweli, nilikukosa. Gitaa limepanda, nikawa nangoja sauti yako ibishe hodi.

Siku ya tatu nilifanya kazi yangu. Tuna kioo kidogo cha kuhesabia nyuzi; unakiweka juu ya kitambaa, uzi mmoja unaonekana kama kamba ya meli. Nikakiweka juu ya sahani, kwenye ule ukingo mtupu kati ya mistari ya muziki na pale lebo ilipokuwa. Upande wa pili ni makovu ya wembe matupu. Lakini upande wa kwanza, ule wa maji na subira, kuna maandishi yaliyochorwa na kiwanda, membamba kama unywele: herufi tatu na tarakimu tano. Nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, kwa herufi kubwa, na mke wangu ameyarudia kwa mwandiko wake ili panya wasituharibie.

Wewe uliagiza sahani ng'ambo maisha yako yote. Namba hii itamwambia kitu mtu wa huko.

Nimeshasamehe, siku ya nne. Andika haraka.

Mfumaji


Juni 9, 1996

Ndugu yangu,

Namba imekwenda kwa muuzaji niliyekuwa nikiagiza kwake. Nilidhani amekufa. Yeye alidhani mimi nimekufa. Tumepongezana.

Amejibu kwa simu ya maandishi: anaijua sahani, haipo dukani, ataitafuta kwa wenye nazo. Hakutaja jina, naye nimemwomba asilitaje. Nimekaa bila jina miaka yote hii kwa ubaya, acha nikae miezi michache kwa adabu, tulisome pamoja.

Sikio?

Bwana Sauti


Agosti 4, 1996

Mzee wangu, shikamoo.

Umeuliza neno moja, nakujibu kwa kirefu.

Kila Jumapili saa nane na dakika arobaini naiweka ile sahani yako, na nina penseli mkononi. Kisichosikika nakiandika. Tarehe 16 Juni kengele ya tatu ilikuwa haipo. Mke wangu anasema imelia. Tarehe 30 zote tatu. Filimbi nilikuwa nayo mpaka katikati ya Julai. Sasa dakika ya kumi na moja ni kimya kirefu, nakaa nacho, najua ipo pale inapiga. Jumapili iliyopita sauti za watu zimekwenda. Kinanda bado. Ngoma bado, zote saba.

Kiwandani wamenihamishia ghala, kukagua vitambaa. Hakuna mitambo kule. Wamenipa ukimya wakati siuhitaji tena.

Muuzaji amesemaje?

Mfumaji


Oktoba 6, 1996

Ndugu yangu Mfumaji,

Imefika Alhamisi. Iko mezani mbele yangu katika karatasi yake ya kahawia. Sijaifungua. Mke wangu amepita na mkasi mara mbili, nimemwambia wembe na mkasi katika nyumba hii havitaigusa sahani tena, utafunguliwa uzi kwa vidole.

Njoo Jumapili yoyote. Basi la asubuhi linafika hapa saa sita. Njoo na shemeji. Kitanda kipo, na chini yake sasa ni kweupe.

Bwana Sauti


Oktoba 15, 1996

Mzee wangu,

Asante. Nimefurahi kwa ajili yako.

Lakini sitakuja. Jumapili hii kinanda kimebaki mtetemo tu. Daktari alisema mwaka. Ametoa hesabu ya mtu mkarimu. Nimeufikiria mwisho ule miaka ishirini na miwili, nikaujenga namna nyingi, na yote mizuri. Nikija nikakaa mbele ya spika nisisikie kitu, nitapoteza na huo nilioujenga.

Isikilize wewe na shemeji. Kisha niandikie inavyokwisha. Una maneno. Nitasoma nikiwa na nafasi.

Mfumaji


Oktoba 22, 1996

Ndugu yangu,

Hapana.

Mara kumi na moja nimesema juu ya mwisho huo. Ya kumi na mbili nitanyamaza. Sitaifungua bila wewe, na mimi nina miaka sitini na tisa, kwa hiyo ukichelewa itakuwa kosa lako.

Mke wangu anasema nikuulize: sikio linahusika vipi? Umeandika mwenyewe kwamba shemeji ulimfundisha saba kwa kifundo cha mkono.

Jumapili tarehe 10 Novemba. Nitakuwa kituoni tangu saa tano na nusu. Utanitambua, nafanana na yule mtangazaji wa zamani.

Bwana Sauti


Novemba 12, 1996

Mzee wangu, shikamoo. Shemeji, asante kwa kila kitu, na kwa kiti ulichoniwekea karibu na spika.

Tumefika salama jana jioni. Nakuandikia kabla mambo hayajanichanganyikia, maana ulikuwepo, lakini hukuwepo ndani ya mkono wangu, na mambo yalitokea humo.

Kwanza jina. Nililisoma kwenye jalada, ukaona midomo yangu inalitamka. Ni jina zuri, ila halifanani na ile sahani. Mke wangu amesema hivyohivyo. Tutaendelea kuiita ya Jumapili.

Uliponionyesha kwa ishara niweke kiganja juu ya sanduku la spika nilidhani unanifariji. Kumbe ubao una habari. Kinanda kilinipanda mpaka kwenye kiwiko, kule chini kabisa, kabati linasukumwa chumba cha pili. Ngoma zilipoingia sikuhitaji kuhesabu. Sikio la kushoto likachukua kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango umefungwa. Dakika ya kumi na moja nikatoa mkono nikangoja, najua filimbi ipo. Nikakuona umefumba macho, nikaisikia kwa uso wako.

Ilipofika kumi na tisa nilikutazama. Sijui kama unajua kwamba ulifungua kinywa. Ulivuta pumzi kabisa, bega likapanda, na shemeji akakuwekea kidole kimoja mdomoni kama anamnyamazisha mtoto kanisani. Mke wangu alicheka hadi akalia. Mimi sikucheka, nilikuwa sina nafasi.

Hapo ndipo uliposhika mkono wangu mwingine. Ulikuwa na wasiwasi kwamba ubao hautatosha, ukaanza kunigongea kwenye kifundo. Ulikuwa unakosea, Mzee. Mtu wa redio miaka thelathini, na saba inakushinda. Ya tano unaiwahi. Lakini kufika dakika ya ishirini na moja ubao na kidole chako vilikuwa vimepatana.

Uliniandikia kwenye karatasi kwamba filimbi ilirudi mwishoni, peke yake, juu ya ngoma. Nimekuamini. Safari hii sikuja na saa.

Sasa nikuambie ambalo sikuweza kulisema pale, kwa sababu nilihofia sauti yangu, ambayo siisikii, isije ikatoka vibaya mbele ya wake zetu. Miaka yote nilidhani mwisho wake ni mkubwa. Nilijenga ngurumo, kengele, umati. Kumbe wanapunguza. Gitaa likashuka ngazi zote lilizopanda, kinanda kikaondoka, zikabaki ngoma, taratibu, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Na ubao ukatulia chini ya kiganja changu. Kidole chako nacho kikasimama, ukidhani umekosea tena.

Hukukosea. Ya saba hawakuipiga. Wameiacha kwa anayesikiliza.

Ile ya saba uliyoihisi kwenye mkono wako, Mzee, niliigonga mimi.

Mfumaji